Uwanja wa Gofu wa Jinja na Njia ya Tabora

Uwanja wa gofu wa Jinja uko ukingoni mwa Mto Naili, Uganda. Waingereza waliutengeneza enzi za ukoloni kwa ajili ya klabu yao. Una mashimo 9, hivyo anayetaka mchezo kamili wa 18 huuzunguka mara mbili.

Mbunifu wake mwingine alikuwa kiboko. Usiku alitoka mtoni kula nyasi, na mnyama wa zaidi ya tani moja huacha shimo kila akanyagapo. Ndiyo maana klabu iliweka kanuni yake: mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko, uinue, uuweke pembeni, hakuna adhabu. Wageni walicheka, lakini wachezaji wa hapo waliijua kazi yake.

Kabla ya gofu, tarehe 28 Julai 1862, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko ya jirani, akayaita Ripon. Msafara wake ulikuwa umepitia Kaze, yaani Tabora, kwa kufuata njia ya wafanyabiashara Waarabu na wapagazi Wanyamwezi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, alikuwa naye.

Maporomoko usiyatafute: bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, liliyazamisha.