Uso wa Buldogi Uliandikwa kwa Karatasi

Ukiposti video ya buldogi akikoroma, lazima jamaa fulani akupe historia: ati uso ulibanwa vile ili mbwa apumue akiwa amemng'ata fahali. Inasikika poa, lakini tarehe zinakataa.

Ni kweli Uingereza ilikuwa na huo mchezo wa kinyama. Fahali anafungwa kwa nguzo, mbwa wanaachiliwa wamrarue pua, watu wanabet. Bunge liliupiga marufuku 1835. Sasa tafuta mchoro maarufu wa 1817 wa mbwa wawili, Crib na Rosa. Hao ndio buldogi wa enzi ya kazi. Mwangalie Rosa: miguu mirefu, mwili mwepesi, na pua. Pua kabisa, imetokeza!

Uso bapa ulikuja kazi ikiwa imeisha. Maonyesho ya mbwa yalianza Newcastle 1859, Kennel Club ikaundwa 1873. Mbwa hakutakiwa kufanya kitu tena, alitakiwa kuonekana. Vigezo vya mashabiki wa enzi hizo vilitaka fuvu kubwa, likizidi ndio bora, na uso mfupi iwezekanavyo. Hebu soma tena hilo neno, "iwezekanavyo". Halina breki. Mwenye uso mfupi anashinda, mshindi ndiye anazalishwa, na mwaka ujao mwingine lazima amzidi.

Mfupa ukafupika, lakini nyama ya ndani haikupungua vile. Kaakaa laini linaziba njia ya hewa, matundu ya pua yanabanwa. Na mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Kwa hivyo ule mkoromo tunaocheka ni mnyama anatafuta hewa. Kuzaa nako ni hesabu ingine: utafiti wa Uingereza wa 2010 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mizao ya buldogi ilitoka kwa upasuaji. Kichwa cha mtoto ni kikubwa, nyonga za mama ni nyembamba.

2008, BBC ilionyesha filamu ya Pedigree Dogs Exposed na watu wakawaka. Mwaka uliofuata Kennel Club ikaandika vigezo upya, uso ukawa mfupi kiasi tu. Kwenye Crufts ya 2012, buldogi aliyekuwa ameshinda kama bora wa aina yake alinyang'anywa ushindi baada ya daktari wa wanyama kumkagua. Uholanzi nayo inataka pua ifike angalau theluthi ya urefu wa kichwa, la sivyo mbwa huyo hazalishwi. Marekani bado wanaandika "mfupi sana".

Wafugaji wengine wanalia kwamba mabadiliko haya yanaua mbwa wa asili. Mimi nauliza, asili ipi? Rosa ako pale kwa mchoro, na pua yake.