Fani Ndogo na Vyeti katika Shahada ya Uhandisi: Historia ya Mtaala wa Marekani

Mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu cha Marekani leo anaweza kuhitimu akiwa na shahada moja na, juu yake, fani ndogo, yaani kundi la kozi zipatazo tano au sita za taaluma nyingine ambalo hutajwa kwenye hati yake ya matokeo, au cheti, ambacho kwa kawaida huhitaji kozi chache zaidi na mara nyingi hukusanya masomo ya idara mbalimbali. Utaratibu huu huelezwa kana kwamba ni jibu la soko la ajira la miaka ya karibuni, ilhali chimbuko lake ni mvutano wa muda mrefu kuhusu nani mwenye haki ya kupanga miaka minne ya masomo ya mhandisi.

Shule za mwanzo hazikumpa mwanafunzi nafasi kubwa ya kuchagua. Chuo cha Rensselaer, kilichoanzishwa mwaka 1824 mjini Troy katika jimbo la New York, kilitoa shahada za kwanza za uhandisi ujenzi mwaka 1835, na mafunzo yake, kama ya chuo cha kijeshi cha West Point kilichokitangulia, yalikuwa ya njia moja kwa wote. Jambo lililoleta tofauti ni Sheria ya Morrill ya mwaka 1862, ambayo kwayo serikali kuu ilizipa serikali za majimbo ardhi ili mapato ya mauzo yake yagharamie vyuo vya kilimo na ufundi mitambo, kwa sharti kwamba masomo mengine ya sayansi na ya lugha za kale yasiachwe nje. Kwa sababu hiyo uhandisi ulikulia, katika majimbo mengi, kwenye uwanja mmoja na historia, uchumi na falsafa, na bila ujirani huo fani ndogo isingewezekana, kwa kuwa mwanafunzi asingekuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Ujirani peke yake haukutosha. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1869 hadi 1909, alipanua mfumo wa masomo ya hiari kiasi kwamba mwanafunzi aliweza kujipangia karibu shahada nzima, na mrithi wake, Lawrence Lowell, akaurudisha nyuma kwa kumtaka kila mwanafunzi azame katika fani moja na kugusa nyingine kadhaa. Fani kuu na fani ndogo zinaeleweka tu pale ambapo elimu imekwisha kukatwa katika vipande vinavyohesabika, yaani krediti, kipimo cha saa za kozi katika muhula. Shule za uhandisi zilichelewa kuufuata mtindo huo, na zilikuwa na hoja: elimumwendo haisomeki kabla ya kalkulasi, wala usanifu wa mitambo kabla ya elimumwendo, hivyo kila kozi ilifungwa kwa iliyoitangulia na nafasi iliyobaki ikawa finyu sana.

Msukumo wa kuipanua nafasi hiyo haukutoka kwa wanafunzi, bali kwa walimu na viongozi wa taaluma yenyewe, waliokuwa na jumuiya ya kuendeleza elimu ya uhandisi tangu mwaka 1893. Walisumbuliwa na hadhi ya mhandisi, ambaye aliendesha mitambo na kujenga madaraja lakini hakuheshimiwa kama mwanasheria au daktari, na ambaye, alipopandishwa cheo na kuwa meneja, alijikuta akishughulika na watu, fedha na siasa ambazo hakuna aliyemfundisha. Uchunguzi mkubwa ulioongozwa na William Wickenden kati ya mwaka 1923 na 1929 uliligusa tatizo hilo, lakini ni ripoti ya kamati ya Hammond ya mwaka 1940 iliyolipa umbo, ilipopendekeza kwamba mtaala uwe na mashina mawili yanayokua sambamba, moja la sayansi na teknolojia, jingine la masomo ya binadamu na jamii. Ripoti iliyofuata, ya mwaka 1944, ilitaka shina la pili lipewe takriban sehemu moja ya tano ya muda wote, na kamati ya Grinter ya mwaka 1955 ililinda kiasi hicho, ingawa yenyewe inakumbukwa zaidi kwa kuupa mtaala uzito wa sayansi za uhandisi badala ya kazi za karakana.

Mapendekezo hayo yangebaki karatasini kama kusingekuwa na chombo cha ithibati, yaani cha kuhakikisha kwamba programu inafikia viwango vilivyokubaliwa. Baraza la taaluma hiyo lilikuwa limeundwa mwaka 1932, na kuanzia mwaka 1980 likajulikana kama ABET. Vigezo vyake vya zamani vilidai angalau nusu mwaka wa masomo ya binadamu na jamii, na vikaongeza sharti lililokuja kuwa na uzito kuliko ilivyodhaniwa: kozi hizo ziwe na upana na kina, zisiwe mkusanyiko wa kozi za utangulizi zisizohusiana. Mwanafunzi aliyelazimika kuchukua kozi kadhaa zinazofuatana katika uchumi au historia alikuwa, kwa hesabu, amekwisha kufika nusu ya safari ya fani ndogo, na kilichobaki kilikuwa kozi chache na jina la kuandikwa kwenye hati.

Dar es Salaam hoja iyo hiyo ilishika mkondo mwingine. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, uhandisi ulifundishwa Nairobi, na Tanzania ilipata kitivo chake mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mhandisi wa hapo naye alitakiwa kuijua jamii, lakini kwa kusoma taaluma za maendeleo, masomo yaliyotokana na mwelekeo wa Azimio la Arusha na kuwa ya lazima kwa wanafunzi wa chuo kizima. Hakuchagua, wala hakupewa jina la ziada kwa kuyasoma. Yalihesabiwa kuwa sehemu ya wajibu wake kwa taifa.

Huko Marekani mwelekeo uligeuka pale vigezo vipya vya ABET, vilivyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2001, vilipoacha kuhesabu miezi na krediti za masomo ya binadamu na badala yake kudai matokeo 11 ambayo kila mhitimu ayaonyeshe, yakiwamo maadili ya kazi, mawasiliano na uwezo wa kufanya kazi na watu wa taaluma nyingine. Vyuo vilipata uhuru, na katika uhuru huo fani ndogo za biashara na sayansi ya kompyuta, pamoja na vyeti vya ujasiriamali au nishati jadidifu, vilipata nafasi kubwa, kiasi kwamba kilichokusudiwa kumtoa mhandisi nje ya ufundi wake sasa mara nyingi humwongezea ufundi wa pili. Hilo si baya kwa lenyewe, ingawa ni vigumu kudai kwamba ndilo kamati ya Hammond ilikuwa nalo akilini.

Mvutano wenyewe umehamia kwenye kanuni zinazosomwa na wachache nje ya ofisi za wasajili, hasa zile zinazoamua ni krediti ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa mara mbili, kwa shahada na kwa fani ndogo pia. Idara inayoruhusu kozi nyingi kuhesabiwa hivyo hupata wanafunzi wengi wanaomaliza kwa wakati, lakini fani ndogo yake huwa kivuli cha shahada ileile, na idara inayokataa huilinda thamani ya fani yake huku ikimwachia mwanafunzi, au mzazi wake, gharama ya muhula wa tisa.