Hesabu ya Joto: Jinsi Nishati ya Mifugo Ilivyopata Kipimo

Katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783, jijini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji yaliyotoka barafu ilipoyeyushwa na joto la mwili wake. Kisha wakapima joto la mkaa uliounguzwa hadi ukatoa kiasi kilekile cha hewa ambayo leo twaiita kaboni dioksidi. Hesabu hizo mbili zilikaribiana. Wakatamka kwamba kupumua ni kuungua, ila ni kuungua polepole. Lavoisier hakuishi kuyaona matunda ya kauli hiyo. Aliuawa kwa gilotini Mei 1794.

Zizi lilichelewa kuifuata maabara. Mwanzoni mwa karne ya 19 Albrecht Thaer, katika Prussia, bado alithaminisha kila chakula cha mifugo kwa kukilinganisha na uzito wa nyasi kavu. Mwaka 1839 Jean-Baptiste Boussingault, mkulima na mkemia wa Alsace, alitangaza matokeo ya kupima yote aliyokula ng'ombe wa maziwa pamoja na maziwa, kinyesi na mkojo wake. Kaboni iliyopungua katika hesabu ilikuwa imetoka kwa pumzi. Miaka ya 1860 Wilhelm Henneberg na Friedrich Stohmann, huko Weende karibu na Göttingen, wakaweka utaratibu wa kuchambua malisho ambao haujaachwa hadi sasa.

Hata hivyo, uchambuzi wa kemikali husema kilichomo ndani ya chakula, hausemi mnyama atakifanyia nini. Pengo hilo lilizibwa na Oskar Kellner, aliyeongoza kituo cha utafiti cha Möckern, karibu na Leipzig, tangu 1893. Aliwaweka maksai katika chumba cha upumuaji, akafuatilia kila kilichoingia na kutoka, hewa ikiwemo. Alikuta kwamba kilo moja ya wanga unaomeng'enyeka, ikiongezwa juu ya chakula cha kumtunza maksai mzima, humjengea gramu 248 za mafuta. Mwaka 1905 aliufanya wanga huo kuwa kipimo cha malisho yote. Mabua yalipata thamani ndogo kuliko umeng'enyekaji wake ulivyoahidi, kwa kuwa kuyatafuna na kuyasaga tumboni kwenyewe hula nishati. Naona hilo ndilo jambo kubwa alilotuachia: kula nako ni kazi, na kazi hiyo ina gharama.

Huko Pennsylvania, Henry Armsby alianza mwaka 1902 kupima joto la maksai moja kwa moja. Mwaka 1932 Max Kleiber, Mswisi aliyefanya kazi California, alionyesha kwamba metaboli haiendi sambamba na uzito, bali na uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha robo tatu. Ng'ombe aliyemzidi kondoo uzito mara kumi huhitaji, akiwa ametulia, nishati mara tano na nusu hivi, si mara kumi. Kenneth Blaxter, aliyefanya kazi Scotland, akaikusanya elimu hiyo kwa wanyama wacheuao katika kitabu chake cha 1962; miaka mitatu baadaye majedwali ya malisho ya Uingereza yakajengwa juu ya nishati inayobaki baada ya kutoa kinyesi, mkojo na gesi ya methani.

Majedwali hayo yalitokana hasa na wanyama waliolishwa vizuri. Ng'ombe wa nyanda kavu za Afrika Mashariki hukonda kiangazi na kunenepa mvua zikirudi. Mwaka 1977 Ledger na Sayers, watafiti waliofanya kazi Kenya, walionyesha kwamba maksai anayezuiwa asiongezeke uzito huhitaji chakula kidogo zaidi kadiri wiki zinavyopita: mwili hujifunza kubana matumizi. Methani nayo, iliyokuwa hasara tu katika daftari la Blaxter, imegeuka suala la tabianchi, na vyumba vya upumuaji vimejengwa Nairobi katika kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo. Humo maksai wa aina ya Boran walilishwa chini ya mahitaji yao, hadi kufikia asilimia 40 tu ya mahitaji hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika njaa hiyo kali, methani inayotoka kwa kila kilo ya chakula huongezeka. Nchi inayokadiria gesi ya kila kilo ya chakula cha mifugo yake kwa kigezo cha ng'ombe aliyeshiba, basi, huikadiria pungufu hasa katika miezi ya ukame.