Mali Bila Daftari

Wafanyabiashara wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika hujikuta siku moja na rafu tupu, wala hajui kilichotangulia kuisha ni sukari au ni mchele. Wiki hii nataka kuutumia msemo huo kwa mali isiyo na mwenye duka, yaani ndege wa porini. Na ili tuelewane, sina budi kukupeleka mbali, Amerika ya Kaskazini, wakati wa Krismasi, theluji ikiwa imefunika kila kitu.

Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwako Wamarekani walioisherehekea Krismasi kwa bunduki. Waligawanyika makundi mawili, wakaingia msituni, na kila chenye manyoya kilichojitokeza kilipigwa risasi, kiwe chaliwa au hakiliwi. Jioni marundo yalihesabiwa, na wenye rundo kubwa wakatangazwa washindi. Mijini nako manyoya yalikuwa pambo. Mwaka 1886 kijana mmoja, Frank Chapman, alitembea mitaa ya New York alasiri mbili akihesabu kofia za kina mama. Kati ya kofia 700, kofia 542 zilikuwa zimepambwa kwa manyoya.

Chapman huyo baadaye akawa mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho mjini humo, na mhariri wa jarida la Bird-Lore. Desemba 1900 aliwashauri wasomaji wake hivi: siku ya Krismasi tokeni kama kawaida, lakini bunduki iacheni nyumbani, mchukue kalamu na karatasi. Walioitikia walikuwa watu 27 tu, katika mahali 25, kuanzia Toronto kule Kanada hadi Pacific Grove, California. Waliandika ndege wapatao 18,500 wa aina kama 90 hivi. Hesabu hiyo haijakoma hadi leo. Kila mwaka, kati ya Desemba 14 na Januari 5, makumi ya maelfu ya watu wa kawaida huizunguka mitaa na misitu yao katika maeneo zaidi ya 2,000, wakihesabu bila malipo.

Sasa, wageni wanaotafutwa kwa hamu kubwa katika matembezi hayo ya baridi ni chiriku. Sisi chiriku tumezoea kumtaja tunapomsema mtu mwenye maneno mengi. Kule kaskazini wako wa namna nyingi: mwenye utosi mwekundu, mwenye ncha za mdomo zilizopishana kama mkasi, ambazo humsaidia kuchokoa mbegu katika matunda magumu ya misonobari, na yule wa manjano mwenye mdomo mnene, ambaye kwa Kiingereza amepewa jina la jioni.

Chiriku hawa hawana ratiba. Mbayuwayu wa Ulaya tunamtarajia hapa kwetu kila mwaka baridi ya kwao ikianza. Chiriku wa misitu ya Kanada hufuata tumbo. Misonobari na jamaa zake mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, mwaka unaofuata ikakaa bure, tena katika eneo kubwa kwa wakati mmoja. Mbegu zikikosekana, chiriku huhamia kusini kwa makundi. Zikipatikana, hubaki kwao, na watu wa kusini hukaa hata miaka kadhaa bila kuwaona. Tangu mwaka 1999 Ron Pittaway wa Ontario alikuwa akitoa utabiri wa chiriku, mithili ya utabiri wa hali ya hewa, kwa kukusanya habari za mavuno ya mbegu misituni. Wengine wameirithi kazi hiyo.

Hapo ndipo penye fumbo. Ikiwa mgeni huja apendapo, utajuaje kwamba mwaka huu hajaja tu, au kwamba hayupo tena?

Mtazame yule wa jioni. Zamani alikuwa ndege wa magharibi. Majira ya baridi ya 1889 hadi 1890 alifurika mashariki, watu wakamshangaa. Katikati ya karne ya 20 alizidi kuongezeka huko, akishuka madirishani kwa makundi na kumaliza mbegu za alizeti walizowekewa ndege. Miongoni mwa vilivyomnenepesha ni viwavi walioivamia misitu ya kaskazini. Kuanzia miaka ya 1980 akaanza kupungua. Aliyemkosa mwaka mmoja alisema, labda mwakani. Akangoja wa pili, na wa tatu. Mwaka 2016 wataalamu walipojumlisha hesabu za miaka mingi walitangaza kwamba idadi yake ilikuwa imeshuka kwa asilimia 92 tangu 1970.

Katika baridi ya 2020 hadi 2021 chiriku walimiminika kusini kwa wingi ambao haukuwa umeonekana kwa miaka mingi, na wa jioni wakiwemo. Aliyewaona kumi dirishani angeapa kwamba mambo ni shwari. Furaha yake ilikuwa ya haki, lakini ushahidi wake ulikuwa wa siku moja. Ndiyo maana katika hesabu ile mtu aliyetembea saa tano asione chiriku hata mmoja hajapoteza siku. Sifuri yake nayo huandikwa.

Msikilizaji, nimeyasema haya kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa mtoto, nje ya machinjio karibu na kwetu tai walijaa kwenye paa na miti, tukiwatupia mawe. Leo napita pale, paa ni tupu. Waliondoka mwaka gani? Hakuna anayeweza kunijibu. Mimi ni mwandishi wa habari, nimeandika habari za mikutano isiyo na hesabu, na hiyo ilinipita mlangoni. Kuja kwa mgeni hupigiwa hodi. Kutokuja kwake hakuna hodi.

Si kwamba hatuna mfano hapa kwetu. Matembezi ya ndege ya kila Jumatano mjini Nairobi yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndege wa maji wamekuwa wakihesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari. Lakini mtaani kwako anahesabu nani? Daftari la shule lenye kurasa 32 latosha. Andika tarehe, mahali, na ulichokiona. Na usipoona kitu, andika hivyo hivyo.