Kazi na ujira Kagarama, Kigali: kwa nini yede, yaya na mwalimu hawalipwi sawa

Watu wanaohamia Kigali kutoka kambini, kutoka Kivu, kutoka Burundi au kutoka vijiji vya Rwanda yenyewe huuliza swali moja: kazi huko inalipa kiasi gani? Jibu la tarakimu moja halipo, na anayekupa tarakimu moja huenda anataka kukuuzia kitu. Ukurasa huu unaeleza malipo yanavyopangwa kazi kwa kazi, kwa mfano wa Kagarama, ili ujue cha kuuliza kabla hujakubali.

Kagarama ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, yenye seli tatu: Kanserege, Muyange na Rukatsa. Usiichanganye na Kigarama, sekta nyingine ya wilaya hiyo hiyo. Ukimwelekeza dereva wa pikipiki kwa haraka mnaweza kufika kusiko. Ni mtaa wa makazi. Kwa hiyo kazi nyingi za hapo ni zile zinazozaliwa na nyumba: kuzijenga, kuzilinda, kuzipikia na kuziuzia bidhaa.

Nchi ya wakulima, na maana ya neno "ajira"

Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 nchini, na karibu 72 kati ya kila 100 walikuwa wanaishi vijijini. Kazi ya jembe ni miongoni mwa zile zinazolipa kidogo sana. Kibarua wa shambani, anayeitwa hapa nyakabyizi, analipwa kwa siku, tena msimu wa kulima, kupalilia na kuvuna tu. Ndiyo maana vijana wengi wa vijijini wanashuka Kigali, na ndiyo maana mkimbizi anayetafuta kibarua Kagarama anakutana mlangoni na Mnyarwanda aliyetoka Nyamagabe au Gicumbi akitafuta hicho hicho.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalielewi wakisikia takwimu redioni. Taasisi ya takwimu ya Rwanda, NISR, haimhesabu kuwa ameajiriwa mtu anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake. Mama anayelima maharage tangu alfajiri na kuyapika jioni, kwa hesabu hiyo, hana ajira. Kama yuko tayari kufanya kazi ya malipo na anaitafuta, anaingia kwenye idadi ya wasio na kazi. Hilo linasaidia kueleza kwa nini kiwango cha ukosefu wa ajira kilitajwa kuwa asilimia 20.5 mwaka 2022 na 17.2 mwaka 2023, katika nchi ambayo ni nadra kuona mtu amekaa bure. Si uongo, ni namna ya kuhesabu. Lakini ukilinganisha na nchi inayomhesabu mkulima huyo kama mwajiriwa, utakosea.

Na kima cha chini? Kipo kwenye vitabu: faranga 100 kwa siku, kiwango cha zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Hiyo ni pesa ya andazi, ukibahatika. Sheria ya kazi ya 2018 inampa waziri uwezo wa kupanga kima kipya kwa agizo, na wafanyakazi wamekuwa wakilingojea agizo hilo tangu hapo. Maana yake kwako ni kwamba hakuna kiwango cha kisheria cha kukukinga unapojadiliana. Kinachokukinga ni kujua wenzako wanalipwa ngapi, na makubaliano yanayoweza kuthibitishwa.

Kwenye ujenzi

Hapa ngazi ziko wazi. Chini yuko yede, yaani msaidizi wa fundi, anayebeba mawe, kuchanganya zege na kupandisha matofali. Juu yake yuko fundi, na juu ya wote yuko kapita, anayeandika majina asubuhi na kugawa pesa. Mara nyingi fundi hulipwa karibu mara mbili ya yede. Fundi wa umeme, wa bomba, wa vigae au wa rangi mara nyingi hahesabiwi kwa siku. Anapatana kwa kazi nzima, na akiwa mwepesi wa mkono anapata zaidi.

Tofauti hiyo haitokani na jasho. Yede ndiye anayetoka jasho zaidi. Inatokana na urahisi wa kupata mtu mwingine: yede akiondoka, wengine kumi wanasubiri barabarani, lakini fundi wa vigae akiharibu sakafu, hasara ni kubwa kuliko mshahara wake wa mwezi. Kwa hiyo njia fupi ya kuongeza kipato kwenye saiti si kubeba zaidi, ni kushika mwiko. Mayede wengi wamepanda kwa kumsaidia fundi mmoja huyo huyo kwa miezi na kujifunza kwake. Cheti cha shule ya ufundi kinasaidia pale kampuni kubwa inapoajiri. Kwenye nyumba ya mtu binafsi wanaangalia ukuta uliojenga wiki iliyopita.

Usidanganywe na kiwango cha siku. Tuseme unaahidiwa faranga 4,000 kwa siku. Ukifanya siku 25, ni 100,000. Lakini mvua za Machi hadi Mei, na zile za mwisho wa mwaka, zinasimamisha kazi, saruji inaisha, mwenye nyumba anakosa pesa. Ukifanya siku 14 tu, ni 56,000, na chakula cha mchana kimetoka mfukoni mwako. Uliza maswali mawili: kazi iliyobaki ni ya siku ngapi, na pesa inatoka kila jioni, kila Jumamosi au mwisho wa mwezi? Kadiri malipo yanavyocheleweshwa, ndivyo hatari ya kudhulumiwa inavyokua. Malalamiko mengi ya ujira ambao haukulipwa yanatoka kwenye saiti, pale kapita anaposema bosi hajatoa na bosi anasema alishampa kapita.

Kazi za nyumbani na ulinzi

Yaya, mpishi na mlinzi wa nyumba, ambaye hapa anaitwa muzamu, wanalipwa kwa mwezi. Pesa taslimu ni ndogo kuliko ya saiti. Lakini anayelala na kula kwa mwajiri halipi kodi ya chumba, na Kigali kodi ndiyo inayokula mshahara. Rudi kwenye mfano wetu: yede wa 56,000 akilipa chumba 25,000 na chakula 25,000, anabaki na 6,000. Yaya anayepewa 40,000 pamoja na kitanda na sahani huenda akatuma nyumbani zaidi yake.

Gharama ya kazi hii iko mahali pengine: saa. Unaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na siku ya mapumziko isipopatanwa mapema haitakuja. Msichana anayeishi kwa mwajiri pia yuko mbali na watu wake, na matusi au kuguguswa hufanyika bila shahidi. Kabla ya kuhamia, mpe ndugu au rafiki anwani ya nyumba na namba ya mwajiri. Jihadhari na dalali, yule wanayemwita komisiyoneri, anayechukua fungu la mshahara wa kwanza: mkubaliane kiasi kabla, na usimwachie kitambulisho chako. Wala usimwachie mwajiri; aandike namba yake, akurudishie kadi.

Karani ngufu wa sokoni na stendi analipwa kwa mzigo. Katika saluni na kwenye ushonaji mara nyingi hakuna mshahara kabisa: ama unakodi kiti au cherehani, ama mnagawana kila kinacholipwa na mteja. Anayeanza anaweza kukaa miezi akijifunza bila kulipwa, jambo linalofaa tu kama mmetaja tarehe ya mwisho. Kuhusu kutembeza bidhaa barabarani, jiji la Kigali limelipiga marufuku, na anayenunua naye anaweza kutozwa faini. Nafasi ndogo sokoni, hata ya kushirikiana watu wawili, ni salama zaidi kuliko mtaji unaokamatwa asubuhi moja.

Kazi za mwezi zenye mkataba

Walimu, wauguzi, wahasibu na wafanyakazi wa mashirika wako kwenye ulimwengu mwingine wa malipo. Mwaka 2022 serikali iliongeza mishahara ya walimu wa msingi wenye cheti cha A2 kwa asilimia 88, na ya wenye diploma na shahada kwa asilimia 40. Mwalimu anayeanza na A2 alifika kwenye zaidi kidogo ya faranga 108,000 mkononi kwa mwezi. Shule binafsi zina viwango vyake, juu au chini ya hapo.

Mkimbizi mwenye elimu huangushwa zaidi na karatasi kuliko na ujuzi. Shahada ya nje inahitaji kulinganishwa na Baraza la Elimu ya Juu, HEC. Cheti cha sekondari au ufundi kinapitia NESA. Muuguzi na mkunga wanahitaji pia kusajiliwa na baraza la taaluma yao. Shule za Rwanda zinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa hesabu aliyesomea Kifaransa Bukavu au Bujumbura anajikuta akisimamia duka. Kama hilo ndilo lako, miezi sita ya Kiingereza inaweza kukufaa kuliko cheti kingine.

Kambini kuna ngazi nyingine tena: wakimbizi wanaofundisha au kuhamasisha afya kwa posho ya motisha, iliyo chini ya mshahara wa mwajiriwa wa kawaida wa kazi kama hiyo. Usiitumie posho hiyo kama kipimo unapotaja bei yako mjini.

Mkataba unaposema 150,000, hizo si za mkononi. Faranga 60,000 za kwanza hazikatwi kodi. Kutoka hapo hadi 100,000 ni asilimia 10, kisha asilimia 20 hadi 200,000, na 30 kwa kinachozidi. Kwa 150,000 kodi ni 14,000. Pensheni ya RSSB, iliyopanda Januari 2025, inakata asilimia 6 kwako, yaani 9,000, na mwajiri anaongeza 6 zake. Ukitoa na michango midogo ya uzazi na mutuweli, unabaki na karibu 125,900. Anayekata pensheni bila kuipeleka RSSB anakuibia, kwa hiyo kagua akaunti yako huko.

Je, mkimbizi anaruhusiwa? Na anashusha ujira wa wenyeji?

Mkimbizi aliyetambuliwa Rwanda ana haki ya kufanya kazi, na kadi yake ya mkimbizi inatolewa na NIDA, ofisi ile ile inayotoa vitambulisho vya raia. Waajiri wengi hawaijui kadi hiyo na hukataa kwa woga tu. Eleza kwa upole, au omba barua kutoka MINEMA au UNHCR. Sheria ya kazi inakataza ubaguzi na inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kukulipa nusu ya mwenzako kwa sababu wewe ni Mkongo au Mrundi ni kosa.

Wenyeji nao wana swali lao, na ni la haki. Utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu kambi tatu za Wakongo nchini Rwanda ulikadiria kuwa kila mkimbizi mzima anayepewa msaada wa fedha taslimu aliongeza kipato cha eneo lile kwa dola 205 hadi 253 kwa mwaka, wakati msaada wenyewe ulikuwa dola 120 hadi 126. Mwingine wa 2019 ulikuta wenyeji wanaoishi ndani ya kilomita 10 kutoka kambini wana uwezekano zaidi wa kuwa na kazi ya mshahara badala ya kulima na kufuga. Hayo ni ya kambi. Kwenye foleni ya mayede Kagarama, ambako wengi wanagombea nafasi chache, anayekubali bei ya chini anawashusha wote, awe mkimbizi au mwenyeji. Kukubaliana bei asubuhi kabla kapita hajafika kunawafaa wote wawili.

Ukinyimwa ujira

Makubaliano ya mdomo yanakubalika kisheria, lakini yasizidi siku 90 mfululizo. Baada ya hapo mkataba uwe wa maandishi. Kwa hiyo tunza ushahidi tangu siku ya kwanza: ujumbe wa MoMo, daftari la siku ulizofanya, picha ya orodha ya kapita, majina ya wenzako. Mwenye mkataba anayeachishwa anastahili taarifa ya siku 15 kama hajatimiza mwaka, na siku 30 kama ametimiza. Likizo ni siku moja na nusu ya kazi kwa kila mwezi.

Anza na mwajiri mwenyewe, kupitia mwakilishi wa wafanyakazi kama yupo. Ikishindikana, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya ambako kazi ilifanyika: ukiishi Kagarama lakini saiti ilikuwa Gasabo, nenda Gasabo. Atawaita pande zote mbili, na mkishindwa kuelewana kwake ndipo kesi inaweza kwenda mahakamani. Kwa ujira wa siku chache za saiti, wengi huanza kwa kiongozi wa mudugudu, kwa sababu anamjua mwenye nyumba na anaweza kumwita jioni ile ile. Nenda wengi kwa pamoja mkiweza, na kila mmoja awe na idadi ya siku zake mkononi.