Kuteka si Kuteka

“Mbona wateka?” Bibi aliniuliza siku moja barazani Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nami sikushika ndoo wala kamba. Alitaka kujua nacheka nini. Kesho yake nikalitia neno hilo kwenye insha: watoto waliteka sana. Mwalimu, mtu wa bara, akapiga mstari mwekundu na kuuliza waliteka maji ya kisima gani.

Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kina t mbili. Moja ulimi hugusa meno: hiyo ndiyo ya kucheka. Nyingine ulimi hurudi nyuma kidogo, ufizini: hiyo ni ya maji. Kwenye karatasi ni mapacha, ila hawakuzaliwa tumbo moja. Wasikilize majirani. Mgiriama akicheka hutseka, Mkikuyu hutheka, Mganda huseka. Lakini Mgiriama huyo huyo akifika kisimani huheka maji. Ni mizizi miwili ya Kibantu, na masikio ya Mji wa Kale hayajaichanganya hadi leo. T hiyo ya meno ndiyo iliyomo katika kuteza, kutukua na kutinda kuku, pale Waunguja wasemapo kucheza, kuchukua na kuchinja.

Wageni nao walileta maneno yao. Wareno, walioanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593 na kuipoteza 1698, walituachia meza, bendera, gereza na leso. Vitu tu, kitenzi chao utatafuta mpaka uchoke. Kiarabu kilipenya hadi kwenye matendo: kusafiri, kufikiri, kusamehe. Vitenzi hivi haviishii kwa a kama kucheka, lakini tumevinyambua kama vyetu. Tunasameheana bila kukumbuka neno limetoka wapi.

Mmishonari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuyakusanya maneno haya. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Kimvita kilikuwa na wasemaji, washairi kama Muyaka, na sasa kamusi. Hata hivyo mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kilikuwa kimeshaenea bara pamoja na misafara ya biashara. Kimvita kilishindwa nyumbani kwake, na ch ikashika vitabu vya shule.

Nilimwonyesha Bibi daftari lenye wino mwekundu. Aliteka mpaka akajifuta machozi kwa leso.