Nani wa Kulalamikiwa Dhidi ya Bosi? Somo la Tume ya 1966

Chukulia mhadhiri msaidizi anaamini mkuu wa idara ameikalia barua yake ya kupandishwa cheo. Aende wapi? Kwa amidi, ambaye ni rafiki wa mkuu huyo? Mahakamani ni ghali. Chama cha wafanyakazi nacho kazi yake ni kumtetea mwanachama. Anayekosekana ni mtu wa kati: wa kusikiliza kwa siri, kufuatilia ukweli bila kupendelea upande, kisha kushauri.

Wazo hilo lina historia, na sehemu yake ni ya kwetu. Waswidi walikuwa na mtu kama huyo, ombudsman, aliyewekwa na bunge lao tangu 1809. Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kuunda chombo cha aina hiyo, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwaka 1966, Chifu Erasto Mang'enya akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Sababu yake ilieleweka. Nchi ilikuwa imeingia kwenye mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, kwa hiyo hakukuwa tena na chama cha upinzani cha kumsemea mwananchi aliyeonewa na ofisa.

Tume ilizunguka mikoani kupokea malalamiko, hata ya mdomo. Hilo halikuwa jambo dogo. Kwa mkulima wa kahawa wa Maguu, kule milima ya Umatengo, Dar es Salaam ni upande wa pili wa nchi. Tume iliweza kuita mashahidi na kudai mafaili. Lakini haikuwa na uwezo wa kutoa amri. Ripoti ya kila shauri ilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua. Na wajumbe wa Tume aliwateua yeye.

Sasa tuhamie chuoni. Julai 1971, rais wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi yenye malalamiko. Polisi wakaja chuoni, Akivaga akakamatwa na kurudishwa Kenya. Tazama ugumu wenyewe: aliyelalamikiwa ndiye aliyekuwa kileleni mwa ngazi ya kupokea malalamiko. Wakati huo vyuo vingine duniani vilishaanza kujaribu njia ya mtu wa kati: Simon Fraser ya Canada mwaka 1965, Michigan State ya Marekani mwaka 1967.

Mwaka 2001 nafasi ya Tume ya Kudumu ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hii inaweza hata kufungua kesi mahakamani. Yaani tulishaona kwamba ushauri wa faraghani pekee hautoshi.

Kwa hiyo chuo kikitaka kuwa na msikilizaji wa malalamiko ya wahadhiri, swali la kwanza lisiwe atalipwa kiasi gani au ofisi yake iwe jengo lipi. Tuulize: nani anamteua, nani anaweza kumwondoa, na ripoti yake inasomwa na nani? Majina ya walalamikaji yabaki siri, sawa. Lakini idadi na aina ya malalamiko viwekwe wazi kila mwaka, wahadhiri wote wavione. Akiteuliwa na Makamu Mkuu wa Chuo na kuripoti kwake peke yake, basi yule mhadhiri msaidizi amerudi palepale alipoanzia.